Mara Sita Kuanzia Sifuri

Nyumba Namba 14, Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Kiwanda cha Mikate.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Kabla ya lolote, nakusalimu. Goti lako linaendeleaje? Uliniandikia kwamba siku hizi unapanda ngazi upande upande kama kaa, nami nikacheka peke yangu hapa mezani. Siku mbili baadaye mgongo ulinikamata nikiokota kalamu, basi ujue tumelipana.

Sisi huku wazima. Wifi yako hajambo, ila analalamika kwamba miwani mipya inamwonyesha vumbi ambalo zamani halikuwepo. Mimi bado nasoma kila asubuhi, na bado nasahihisha gazeti kwa penseli ingawa hakuna aliyeniajiri kufanya hivyo tangu nilipoacha kazi ya uchapaji.

Katika barua yako ulinikaripia. Uliuliza mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mfuaji wa mashuka hospitalini, ana haja gani na kompyuta nne kuukuu, na kwa nini namwachia binti yangu ageuze stoo yetu kuwa karakana. Sikukujibu kwa sababu jibu lilikuwa halijafika. Sasa nitakueleza kwa utaratibu, na tafadhali usirukie mwisho wa barua kama ulivyokuwa ukirukia mwisho wa vitabu vyangu.

Stoo yenyewe unaweza kuivuka kwa hatua nne. Rafu iliyobeba kamusi zangu sasa imebeba mashine alizonunua kwa bei ya chuma chakavu, ofisi moja ya bima ilipokuwa ikihama. Kila mashine ina kipande cha plasta na jina lake kwa kalamu ya wino: Mlango, Karani, Ghala na Mkorofi. Huyo Mkorofi kazi yake ni kuharibiwa makusudi ili binti yangu ajifunze kumtengeneza. Jina la utani ulilompa utotoni, Kwanini, linamkaa hata leo. Huwasikii wenzake wakiuliza mashine inafanya nini, lakini yeye hapati usingizi mpaka ajue kwa nini.

Nilidhani ukishapata mashine umemaliza. Kumbe mashine unainunua mara moja, na programu ndizo zinazokula mtu, kwa maana hulipiwa kila mwezi kama kodi ya nyumba. Kwanini aliweka sharti tangu mwanzo: hatalipia kitu ambacho mshahara wa kufua hauwezi kukibeba. Akaanza kuchagua kama mtu anayechambua mchele. Programu ya kuigawa kompyuta moja iwe kama kompyuta kumi aliipata bure, kutoka kwa watu wanaoitengeneza pamoja na kuigawa. Masomo alijiandikisha kwa mwaka mzima, kwa bei ya wanafunzi, ambayo ukiigawa kwa miezi haifiki mikate minne. Anasa yake ni moja tu, nayo ni ghala la picha la mtandaoni, la kifamilia, watu sita kwa malipo ya mmoja. Zile picha tatu tulizotoka nazo nyumbani ziko humo. Nafasi ya sita ni yako, mwanao akuonyeshe namna ya kuingia.

Kikwazo kilikuwa programu kubwa ya seva, yaani ya kompyuta kuu inayohudumia nyingine zote, ile inayotumika hospitalini kwao. Leseni kamili inazidi mshahara wake wa mwaka. Lakini kampuni inayoiuza inamruhusu mtu kuijaribu bila malipo kwa siku mia na themanini. Siku zikiisha, mashine inajizima yenyewe kila baada ya saa moja, uko katikati ya sentensi, ghafla kioo cheusi. Hapo Kwanini hufuta kila kitu na kuanza upya kuanzia sifuri: kuweka programu, kuandikisha watumiaji, kuweka ruhusa, nakala za akiba, kila kitu. Mara ya kwanza ilimchukua jioni tisa.

Mara ya tatu nilimkuta ameinamisha kichwa juu ya kibodi, bado amevaa aproni ya kazini. Ndipo nikafanya ujinga wangu. Kesho yake nilikwenda kwa fundi simu wa pale sokoni, wanamwita Daktari, nikamweleza shida. "Mzee, hilo tu? Hii hapa, ya maisha!" Akaniandikia kwenye karatasi mstari wa herufi na tarakimu, eti ndiyo leseni yenyewe. Nilirudi nyumbani nikitembea kama niliyebeba keki.

Kwanini aliisoma karatasi, akaisoma tena, akaniuliza kwa upole, "Baba, leseni hii imeandikwa jina la nani?"

Mdogo wangu, nilikaa chini. Wewe unaijua karatasi niliyovukia mpaka, yenye jina la binamu yetu marehemu. Kwa miaka saba niliitikia jina la mtu mwingine, na kila mlango ulipogongwa nililirudia jina lile kimoyomoyo kabla ya kufungua. Mimi, kati ya watu wote, ndiye niliyemletea mwanangu karatasi ya aina ile ile. Aliichana vipande vinne, akaitia kwenye pipa, akaniambia, "Daktari wako huyo anatibu hata maiti." Tukacheka mpaka wifi yako akaja kuuliza kuna nini. Kisha Kwanini akavuta kiti, akaanza kufuta mashine zote. Nilikaa naye. Jioni nne zilitosha safari hiyo.

Mara ya nne, jioni mbili. Mara ya tano, jioni moja. Ya sita, mwezi wa kumi na mbili, alianza baada ya chakula cha mchana siku yake ya mapumziko, na chai ya alasiri tulikunywa kazi imekwisha. Hakuwa akifuata tena daftari la hatua alizojiandikia.

Mwezi wa kwanza hospitali ikatangaza nafasi ya fundi wa seva. Msimamizi wao kule kufulia alimwambia wazi, "Shoga, wale wanataka watu wa vyeti. Utarudi hapa na aibu, na mashuka yatakuwa yanakusubiri." Hakusema kwa ubaya, alimwonea huruma. Kwanini alijua pia kwamba tangazo liliweka kikomo cha miaka arobaini. Mwakani angekuwa amechelewa. Akaandika maombi hata hivyo, nami nikayasahihisha kwa penseli.

Waliofika kwenye majaribio walikuwa watano. Kila mmoja alipewa mashine mbili tupu, zisizo na kitu ndani, na muda wa saa tatu wa kuziandaa zifanye kazi. Wenzake wanne walikuwa wasomi wa kweli, simdharau hata mmoja. Lakini walikuwa wamezoea kuongoza seva zilizokwisha kuwekwa na wengine, na mashine tupu iliwachelewesha. Kwanini aliitazama ile mashine, ananiambia, kama mtu anayeitazama sufuria yake mwenyewe. Alimaliza zikiwa zimebaki dakika hamsini. Akanyanyua mkono.

"Kuna tatizo?" mtahini akamuuliza.

"Hapana. Nimemaliza. Nifute nirudie, au mnataka kuitazama kwanza?"

Mtahini aliitazama kwanza. Akamuuliza amejifunzia wapi. Akajibu, "Stoo ya baba yangu."

Barua ya ajira ilifika baada ya siku kumi na mbili. Niliisoma kwa jicho la kazi yangu ya zamani, nikitafuta kosa, na sikuliona hata moja. Hicho ndicho ulichoniuliza, ana haja gani na kompyuta nne. Nadhani sasa umejibiwa.

Jumatatu iliyopita nilimsindikiza. Alinikataza, nikajifanya sikusikia, uzee una faida zake. Nilivaa koti langu la rangi ya kahawia, tukafika getini kabla ya zamu kubadilika. Wanawake wa kufulia walikuwa wakimsubiri mlangoni kwao, msimamizi mbele kabisa, akipiga kelele, "Ukituzimia mashine zetu tutakufuata huko huko!" Alipita katikati yao huku wanamshikashika, akaingia mlango wa nne kushoto, wa chumba cha seva.

Mlinzi aliniona nimesimama peke yangu, akanionea huruma. "Mzee, umeleta mgonjwa?"

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Nimeleta fundi."

Nisalimie shemeji, na mwambie bado namdai mchezo mmoja wa bao. Nisalimie wanao wote wawili, na yule mjukuu mpya ambaye sijamwona ila kichwani mwangu. Wifi yako na Kwanini wanakusalimu sana.

Mungu akupe goti jepesi na usingizi mzuri, atuweke hai mpaka tukae meza moja.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kwa umbali huu wote.