Hakuna Anayetaka Kulala Chali

Bernadette, mdogo wangu,

Tangu tukuzike, mimi ndiye ninayeongoza yoga yako kwenye sale, ule ukumbi wa parokia. Wanawake wako wanakuja, wananyoosha viungo, wanapumua vizuri. Lakini tukifika kwenye kulala kwa mwisho, wanakunja mikeka na kwenda. Nilidhani ni mvua. Nikamuuliza Mama Zawadi, yule aliyekimbia vita kutoka Kibua. Akanijibu bila kuzunguka: "Papa, chali, mikono wazi, macho imefungwa... njo vile tulimulaza Bernadette."

Nikaanza kueleza, unanijua. Kwamba mwili uliokimbia sana hausahau kukimbia. Mabega hubaki yamekaza hata mzigo ukishatuliwa. Kunyoosha kunalegeza tu. Ni katika kule kulala ndiko dawa inashuka, na hata sala inapata nafasi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Papa, maneno iko muzuri. Lakini mimi silali tena."

Hapo pakaniuma. Unakumbuka alivyofika kwako, hajapata usingizi tangu nyumba yao ichomwe? Ulimwambia, "Mama, angalia mulango, mimi nitaangalia pumzi yako." Akasinzia mbele ya wote, akakoroma, mkacheka mpaka sakristani akaja kuchungulia. Sasa malaria imekuondoa, naye amerudi kule kule. Macho mekundu. Shingo imekauka kama kuni.

Alhamisi hii nililala mimi kwanza. Magoti yalilia. Nilipofumba macho nikakuona vile ulivyokuwa siku ile, na pamba puani, na nikataka kuinuka. Sikuinuka. Nilivuta pumzi polepole kama ulivyonifunza, machozi yakaniingia masikioni.

Nikasikia mmoja ananong'ona: "Papa iko anapumua?"

"Iko anapumua," akasema Mama Zawadi. "Huoni tumbo? Inapanda kama mukate."

Wakacheka kidogo. Tangu kilio chako sikuwa nimesikia cheko mle ndani.

Kisha mkeka ukakwaruza sakafu karibu nami. Mama Zawadi alikuwa amelala ubavu, si chali. Hakusinzia, Bernadette. Nilipofumbua macho, yake yalikuwa wazi. Lakini hakuondoka mpaka nilipopiga makofi ya kumaliza, na alipoinuka alisema tu, "Alhamisi, Papa."

Sijui kama atapata usingizi. Siwezi kukuahidi hilo. Wewe ulikuwa na mkono ambao mimi sina. Ninachokuahidi ni kwamba sale itakuwa wazi kila Alhamisi, hata akija yeye peke yake, na mimi nitakuwa tayari chini, na uzee wangu huu.

Watu wananiambia niseme upumzike kwa amani. Maneno hayo bado sijayasema. Nasema tu: lala, mdogo wangu. Lala.

Kaka yako,
Anselme