Sanduku la Chuma la Ishmael

Westmead,
Sydney, Australia.
17 Oktoba 2021

Mpendwa shangazi yangu, Senge Kobilo,

Chamgei! Magoti yanaendeleaje? Na zile dawa za presha, unazimeza kweli au unamwambia tu daktari umezimeza? Nakujua. Naomba mvua za Kapsowar zisiwe zimekufungia barabara, na yule mbuzi wako mtundu awe bado anakusumbua, maana siku akitulia utamuuguza. Mimi na Douglas tu wazima huku. Tumedungwa chanjo zote mbili, na pua zetu zimechokorwa hata zimezoea.

Uliniambia siku nitakayomshinda ndugu yangu nisikupigie simu, nikuandikie barua ya karatasi, kwa kuwa hiyo simu yako ya kubonyeza haiweki ushahidi. Basi vaa miwani, Senge, na ukae chini. Barua ndiyo hii. Nimemshinda Ishmael! Nimemshinda mchana kweupe, mbele ya mashahidi!

Kwanza huku kwetu. Tangu Juni tulikuwa tumefungiwa, helikopta juu, polisi barabarani, huendi mbali bila karatasi ya kazi. Jumatatu iliyopita wametufungulia. Douglas alikimbilia kinyozi Auburn akapanga foleni saa tatu nzima, akarudi na kipara kinachong'aa hata nikamwuliza mume wangu kamwacha wapi. Lakini mipaka bado. Wenye pasipoti ya huku wataanza kuingia Novemba. Sisi wa viza tunaambiwa tuzidi kuvumilia.

Kesi yenyewe unaijua nusu, nami nataka iandikwe yote. Tulipokuja huku Februari mwaka jana tuliwaacha Cheptoo na Kigen kwa Ishmael, pale Kapsoya mjini Eldoret, wakae miezi miwili tu tupate nyumba. Machi mipaka ikafungwa. Miezi miwili imekuwa ishirini. Cheptoo ana miaka saba sasa na ameng'oka meno manne nikitazama kwa simu. Kigen ana mitano na sauti yangu anaijua kuliko uso wangu. Kwa hilo simlaumu Ishmael hata kidogo. Yeye na mkewe Apondi wamewalea kama wa tumbo lao, na Mungu anaona.

Ila wezi walipovunja duka lake la dawa za mifugo na kumpiga mlinzi, mwanzoni mwa mwaka huu, Ishmael aliomba kibali cha bastola ya kulinda nyumba. Akachunguzwa, akapewa. Kisheria safi kabisa. Mimi sikujua lolote mpaka Jumapili moja ya Julai. Watoto walikuwa wameketi kitandani kwake, maana ndiko mtandao unakoshika vizuri, wananiimbia wimbo wa Sunday school. Nyuma yao nikamwona Ishmael anaingia, anatoa kitu kiunoni, anasimama kwa vidole vya miguu, anakitia ndani ya sanduku la viatu juu ya kabati la nguo. Senge, ilikuwa bastola. Wao wakaendelea kuimba.

Nilipompigia alicheka. "Sista, relax. Watoto walikuwa wamenipa mgongo. Na hata wangeona, hawa wana adabu. Nikisema hapaguswi, hapaguswi." Nikamwuliza kama ina risasi ndani. Akasema ndiyo, kwani mwizi hungoja mtu ajaze? Akamalizia kwamba Australia imenifanya mwoga kama wazungu. Ndipo nilipokupigia wewe, nawe ukamgombeza, naye akakujibu ndiyo Senge, ndiyo Senge, na lile sanduku la viatu hakulisogeza hata inchi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Sitakuficha, niliogopa. Ningekuwa wodini nampa mzee wa watu dawa yake, naona lile sanduku. Ningekuwa naosha vyombo, naliona. Kuja kuwachukua siwezi, nikitoka huku sirudi na kibarua kimeota nyasi. Kuwaleta siwezi, hawaruhusiwi kuingia. Nilikuwa na simu na mdomo tu. Lakini mdomo wangu nao unaujua, Senge, ni wewe uliyenifundisha.

Sasa msikie jirani yetu. Anaitwa Nduwimana, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, mume wa Fébronie ninayefanya naye kazi wodini. Yeye ni mchomeleaji katika kiwanda kimoja kule Smithfield, na kazi yao ni makabati ya chuma. Nikamlilia shida yangu juu ya ua, kila mtu na barakoa yake. Akaniambia huku mtu hapewi kabisa bunduki kwa sababu ya wezi. Mkulima au mwindaji wa sungura akipewa, lazima ailaze ndani ya sefu, risasi zikae pengine chini ya ufunguo, na polisi wana ruhusa ya kuja kukagua. Masefu hayo yeye ameyachomelea hata hayahesabu tena. "Dada," akaniambia, "kwa mtoto hakuna kuficha. Kuna kufunga."

Akachukua kipande cha katoni akanichorea hapo hapo. Bati la chuma nene. Bawaba ziwe ndani, mtu asizifikie kwa nyundo. Boliti nne zinazoingia ukutani. Kitasa cha namba, cha kubonyeza hata gizani. Na kisanduku kidogo cha pili, cha risasi, chenye ufunguo wake. Nikapiga picha nikamtumia Ishmael.

Unajua alinijibu nini? "Mwizi akija nimwambie subiri kwanza nibonyeze namba?" Nikamwambia, ndugu yangu, mwizi amekuja dukani mara moja katika miaka kumi, na nyumbani hajawahi kufika. Watoto wamo nyumbani kila siku. Sheria yetu yenyewe inataka silaha itunzwe salama, si juu ya kabati. Hapo akakubali kwamba sheria ndivyo isemavyo. Halafu kiburi kikamrudi, akatamka neno lililomponza: eti mahali pale hakuna mtoto wa kupagundua hata akipewa siku nzima.

Nikamdaka hapo hapo. Nikasema tujaribu!

Tukakubaliana Jumamosi moja ya Septemba, saa nne asubuhi kwenu, jioni kwetu. Asubuhi hiyo Ishmael aliipeleka bastola na risasi zake kituo cha polisi zihifadhiwe, na Apondi akanionyesha sanduku la viatu tupu kwa macho yangu. Humo tukatia pakiti ya peremende. Watoto wangeambiwa kuna peremende mahali fulani nyumbani, anayezipata ni zake. Wakikosa kwa saa nzima, mimi ningefunga mdomo mpaka mipaka ifunguliwe. Wakizipata, Ishmael angetengeneza sefu kwa mchoro wa Nduwimana, asipunguze hata boliti moja.

Huku tuliketi watu wanne mbele ya simu, sisi sebuleni, Nduwimana na Fébronie nje dirishani kwa sababu ya masharti ya korona. Fébronie alikuwa anasali kwa Kirundi. Ishmael ameegemea ukuta, mikono kifuani, anatabasamu kama mshindi.

Apondi akawatangazia watoto. Cheptoo akafungua jokofu. Akachungulia chini ya makochi. Ishmael akanikonyeza! Kigen hakutafuta popote. Alikwenda jikoni, akachukua stuli, akaiburuta hadi chumbani kwa mjomba wake. Apondi akamfuata na simu. Kigen akapanda stuli, kutoka stuli akakanyaga ukingo wa kitanda, kutoka ukingo akashika mlango wa kabati, na Senge, alivyopanda si mtu anayepanda mara ya kwanza. Akavuta sanduku. Akafungua. Dakika mbili hazikuisha.

Sikupiga vigelegele.

Ishmael akamwuliza polepole, nani alikuonyesha hapa? Mtoto akamtazama kama anayeulizwa jina lake. "Si ni wewe, uncle. Tulikuona kwa simu tukiimbia mama. Hapa ndipo kwa gun."

Umeelewa, Senge? Mtu akipiga simu ya picha, yeye mwenyewe anajiona katika kidirisha kidogo pembeni, pamoja na yote yaliyo nyuma yake. Ishmael alikuwa anangoja wampe mgongo kila Jumapili, nao walikuwa wanamtazama kila Jumapili, kwenye kioo, katika simu niliyopiga mimi. Nami nilidhani ninawalinda kwa macho! Nililia mbele ya jirani bila haya.

Ishmael alikaa kitandani akavua kofia. Halafu akamwuliza Cheptoo kama yeye pia alijua. Cheptoo akasema anajua, na kwamba Kigen aliwahi kuishika, "lakini ni nzito, akarudisha." Aliwahi kuishika. Ikiwa na risasi. Mwanamume mzima, Senge, mwenye duka na kibali cha serikali, alijifunika uso kwa kofia na mabega yakatikisika. Kisha akasema, "Jerotich, umenishinda. Na nashukuru umenishinda." Miaka thelathini na sita nimeishi na mtu yule, sijawahi kuyasikia maneno hayo. Nimeyaandika kwa wino makusudi.

Bastola haikurudi nyumbani siku ile. Ilibaki kituoni mpaka sanduku lilipokamilika, na hilo alilitaka yeye mwenyewe. Jumatatu akampata fundi wa jua kali aitwaye Njenga, nami nikamweka kwenye simu na Nduwimana, chuma kwa chuma. Ungecheka! Huyu na Kiswahili chake cha Kigoma, yule na Sheng yake. Nduwimana anamsisitizia, "Ndugu yangu, bawaba zielekee ndani." Njenga anajibu, "Budaa, hizo hinji nimezipanga, tulia." Walibishana juu ya boliti robo saa na wakaagana marafiki. Sasa Njenga amepata oda za watu wengine wawili wenye vibali, na picha ya ule mchoro wa katoni ameichapisha akaipiga msumari ukutani mwa kibanda chake.

Sanduku lilifungwa ukutani tarehe mbili mwezi huu. Ishmael alilivuta kwa uzito wake wote mbele yangu, na unaujua uzito wake, halikutikisika. Namba anaijua yeye na Apondi tu, na haibonyezwi mtoto akiwa chumbani wala simu ya picha ikiwa imewashwa. Risasi zina kisanduku chake. Watoto nao wamefundishwa: ukiiona popote usiguse, toka, mwite mkubwa. Cheptoo anayakariri hayo kama amri kumi, na Ishmael akaniambia kwamba sasa, kwa adabu hiyo, hata bila sefu wangekuwa salama. Nikamwacha aseme. Aliyeshindwa huachiwa maneno mawili matatu.

Basi leo hii, kabla sijaketi kuandika, nimepiga simu kama kawaida. Kigen akanisogelea kwenye kioo, akanong'ona asisikiwe na mjomba wake. "Mama, jana tulipanda tena. Kwa boksi kuna viatu tu."

Walipanda tena, Senge. Pamoja na mafundisho, pamoja na amri kumi, walipanda tena. Na walikuta viatu.

Nisalimie mzee wa kanisa Achola na mkewe, mwalimu Gakii, na wote wanaouliza habari zangu kwa wema. Wanaouliza kwa umbea waambie nimenenepa. Apondi anakusalimu sana, na Ishmael atakuja Kapsowar mwezi ujao kuungama mwenyewe, umpe maziwa ya mursik kwanza ndipo umgombeze. Mungu akutunze, Senge, akupe siku nyingi na magoti ya kuzitembelea, na pale mikono yetu isipofika kufunga, afunge Yeye.

Wako akupendaye, tena mshindi,

Jerotich