Nafasi Mbili za Kibandani

Dada Ladina mpenzi,

Kabla hata sijakuuliza hali, wacha nilitoe hili lililonikaa kooni, kwa maana sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: ninamwonea wivu Leonie. Si wivu wa mchezo. Ni ule wa kukaa mezani unahesabu kaka yako amelitaja jina la mtu mara ngapi kabla supu haijapoa.

Sasa salamu. Hujambo huko Geneva? Kikohozi kimekuacha? Sisi huku bondeni tu wazima. Mama mgongo unamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza nani ataoka keki ya kokwa za jozi, wewe? Baba analala mchana na kuondoka jioni, kwa sababu theluji haijakatika wiki nzima na ile mashine yake ya kusawazisha njia za skii haipoi.

Leonie ulimwona mara moja tu, wakati wa Krismasi: yule msichana wa Zurich anayejifunza kazi kwa mwoka mikate, mwenye ubao wa kutelezea theluji wa rangi ya chungwa. Katika Kiromanshi, lugha yetu, anajua neno moja tu, allegra, na analimwagia kila kiumbe. Juzi Baba alisema mbuzi wetu hawajawahi kusalimiwa hivi tangu wazaliwe. Tulicheka wote, na Leonie akacheka kutuzidi. Hilo ndilo linaloniudhi, Dada. Hata nikitaka kumchukia hanipi pa kushika.

Unakumbuka tulivyokuwa mimi na kaka yetu Jachen. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa nyuma yake, ncha za skii zangu zikikaribia kugusa mikia ya zake. Shuleni nilikuwa bubu wa lugha mbili, Kiromanshi na Kijerumani, lakini nyuma ya Jachen sikuhitaji kusema kitu. Sasa nyuma yake kuna ubao wa rangi ya chungwa. Jumatano ndiyo siku yao ya mapumziko kazini, mimi niko darasani. Nikirudi nakuta jozi mbili za glavu zimeanikwa juu ya jiko, zinachuruzika maji pamoja.

Basi mwezi uliopita Baba akaweka sheria. Alisema hakuna mtu wa nyumba hii, wala mgeni wake, atakayetoka nje ya njia zilizosawazishwa kabla hajasoma kozi ya maporomoko ya theluji, kwa kuwa yeye amechoka kukaa kwenye mashine akiangalia milima na kujiuliza ni watoto wa nani wako juu kule. Jachen akanitupia mimi kazi ya kuchagua. Alisema, “We dogo unasoma hata karatasi ya dawa mpaka nukta ya mwisho. Tutafutie iliyo bora, sisi watatu.” Watatu! Zamani tulikuwa wawili na hesabu ilitosha.

Usidhani nilifanya utani. Nilichambua mpaka zikabaki mbili. Moja ni ya Mzee Riet, mwongozaji wa milima, kwenye ukumbi wa shule: jioni mbili za picha na maelezo, na asubuhi moja ya majaribio uwanjani, yote kwa Kiromanshi. Nyingine ni ya siku mbili kwenye kibanda cha juu mlimani, kwa Kijerumani, lugha ya Leonie, wanafunzi sita tu kwa mwalimu mmoja. Kule kila mtu anamtafuta mwenyewe aliyefukiwa kwa kile kidude cha ishara cha kifuani, anachoma theluji kwa ufito mrefu, kisha anachimba kwa koleo mpaka viganja vitoke malengelenge. Anafundishwa pia kuusoma mteremko, na kugeuza kurudi nyumbani siku mlima ukikataa. Hata mtoto angejua ipi ni bora.

Nikamwambia Jachen ya kibandani imejaa, tutakwenda kwa Mzee Riet.

Nilitazamia Leonie ajitoe, maana angeambulia nini? Wapi! Jachen alisema hakuna shida, atakaa naye amtafsirie sikioni. Leonie akapiga makofi, akasema basi safari hii atakuwa na mkalimani wake mwenyewe kama rais. Shayiri ya supu ilinipalia. Jioni mbili nzima nitakaa nyuma yao nikiangalia mdomo wa kaka yangu kwenye sikio la mtu!

Jana nikakutana na Mzee Riet dukani, penye jibini, nikampa majina yetu. Akauliza nani hupanda na nani. Nikasema mara nyingi ni Jachen na Leonie, siku za Jumatano. Akauliza tena, huyo Leonie anajua Kiromanshi? Nikamjibu, anajua allegra. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliniambia, “Binti yangu, watu wanaingoja helikopta. Mara nyingi ikifika inabeba tu, kuokoa kumeshapita. Anayekuokoa ni yule uliyepanda naye. Kaka yako akifukiwa Jumatano, wewe uko kwenye somo la hesabu. Mikono itakayomtoa ni ya huyo msichana. Mpeleke akafundishwe kwa lugha anayoiota. Mambo haya si ya kunong'onezwa.” Akauliza kwa nini hatuendi kibandani. Nikasema kumejaa. Akanitazama, akasema mwalimu wa kule alimpigia simu juzi na hakutaja kujaa. Nikakamata kipande cha jibini nisichokihitaji nikaenda kulipa.

Dada, hakukujaa. Siku niliyomwambia Jachen vile, nafasi zilikuwa nne. Nilitaka Leonie abaki nje ya mlango wa lugha yetu, basi. Haikunijia kabisa akilini kwamba koleo ninalomnyang'anya yeye ndilo la kumfukulia Jachen.

Leo nimetazama tena orodha ya kibandani, nikakuta nafasi zimebaki mbili. Nilikaa nazo muda mrefu. Jachen na mimi, kama zamani: hata jina langu nilikuwa nimeshaliandika. Nikalifuta. Nimeandika Jachen, na nimeandika Leonie. Jibu limerudi, wamepokelewa. Mimi nitakaa ukumbini kwa Mzee Riet, na msimu huu nitateleza kwenye njia za Baba, nyuma ya watalii.

Usinisifu, tafadhali. Wivu uko palepale, nimeulisha tu chakula kingine. Simtaki Leonie awe dada yangu, ninaye wewe. Ninachotaka kwake ni kimoja: ajue kuchimba. Achimbe kama mbwa aliyenusa mfupa, asisimame kulia, asingoje mtu.

Limebaki la kumkiri Jachen uongo wangu. Nilitaka ushauri wako kwanza, lakini nasikia buti zikikung'utwa theluji mlangoni, jozi mbili, na mtu anamwambia paka wetu allegra.

Jifunike vizuri shingo, na msalimie sana mama mwenye nyumba wako. Mama na Baba wanakukumbuka kila tunapokula.

Ni mimi mdogo wako,
Aita

Wameshafika ngazini. Karatasi hii naisukuma chini ya kitambaa cha mkate. Yale ya wivu yabaki humo, yako na yangu. Ya nafasi nne nawaambia wakishavua buti.