Nauli ya Kwenda Kutazama Gari la Moshi

Mukendo,
Musoma.
16 Agosti, 1950

Mpendwa Kaka Hamduni,

Assalamu alaikum. Hujambo kaka yangu? Mwili mzima? Kile kifua kilichokuwa kikikubana kila upepo wa ziwa unapogeuka, kimepona huko Tabora, au ndiyo kwanza moshi unakiongezea? Nisamehe kwa kukuuliza mengi kwa mpigo. Ni miaka minne sasa tangu barua yako ya mwisho, na maswali yamerundikana.

Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua, lakini sokoni anakwenda mwenyewe na samaki wa ningu anamchagua mwenyewe, hakubali achaguliwe. Mimi nimeolewa, sijui kama habari ilikufikia. Mume wangu anaitwa Abdulkadiri, ni fundi seremala, na anakupenda kwa kukusikia tu. Baba bado anafua bati, anatengeneza ndoo na taa kama zamani, ila jicho la kulia limeingia ukungu. Bati siku hizi analipima kwa vidole kabla ya kulikata. Daktari amesema hata la kushoto litafuata.

Kaka, kuna jambo la Baba ambalo hujui. Wewe unamkumbuka yule wa siku ile ulipoaga kwamba unakwenda kufanya kazi ya reli. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimesimama mlangoni, nikamsikia akikuambia, "Basi nenda, na hilo gari la moshi ndilo liwe baba yako." Unamkumbuka pia alivyorudisha posta ile hawala ya fedha uliyomtumia. Tangu hapo ukanyamaza, na sikulaumu.

Lakini mwaka uliofuata alianza kwenda gatini. Kila meli ikifika kutoka Mwanza yeye yupo, anawauliza abiria habari za gari la moshi. Injini ina magurudumu mangapi? Inakula kuni au makaa? Mlima ikiupanda inalia vipi? Karani wa gatini, Bernado, kijana wa Bukima, akamhurumia, akampa ratiba ya zamani ya reli. Baba akaibandika kwenye ukuta wa karakana, akanifanya nimsomee mpaka akaishika yote kichwani. Basi unaweza kumkuta anagonga ndoo, mara anasimamisha nyundo na kusema, "Saa hii wanatoka Bukene." Au, "Saa hii wako Isaka, wanapakia maji." Watu wa Mukendo wanamwita Bwana Reli. Jina lako halitaji. Anataja vituo.

Mwezi uliopita, baada ya Idi, Bernado alikuja na tangazo. Huko Mwanza kuna chama cha watu wapendao magari ya moshi, wengi wao Wahindi na Wazungu wenye kamera. Walikuwa wamekodi injini na mabehewa manne kwa matembezi ya siku moja, kutoka Mwanza mpaka Shinyanga na kurudi. Njiani gari lingesimama ili watu washuke, waizunguke injini, na anayetaka apande kwa dereva aone moto. Behewa la daraja la tatu lilikuwa shilingi kumi na tisa kwa mtu.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwuliza Bernado nauli ya kawaida ya daraja la tatu kutoka Mwanza mpaka Tabora ni kiasi gani. Akasema haifiki shilingi kumi na tano.

Nikamgeukia Baba. "Baba, kwa fedha hii si ungekwenda Tabora kabisa?"

"Tabora nina nini?"

"Una mtoto."

Akaendelea kupiga bati. Halafu akasema, "Mimi siendi kubisha hodi kwa mtu ambaye hawala yake niliirudisha. Nakwenda kutazama gari la moshi. Kwa hilo sihitaji kualikwa, nahitaji tiketi."

Mama alikuwa anapepeta mchele. Alisema, bila kuinua uso, "Mpeleke, Shani, jicho moja bado lipo." Basi Baba akauza baiskeli yake kwa Felisian wa Butiama, yule mnunuzi wa ngozi. Unajua alivyoipenda baiskeli ile. Siku ya kuikabidhi aliipaka mafuta mnyororo, akaisindikiza kwa miguu mpaka mwisho wa mji. Kilichopungua nikakijazia kwa fedha zangu za cherehani, na tukaenda Mwanza kwa meli.

Jumamosi ya tarehe tano tuliondoka stesheni alfajiri. Behewa letu lilikuwa na walimu wawili, makarani, na mzee mmoja wa Kisukuma aliyetandika reli hii hii ujanani. Baba na yule mzee walishikana mikono kama ndugu. Sijawahi kumwona Baba akicheka vile. Kila kituo alikitaja kabla hatujafika, Fela, Mantare, Bukwimba, na watu wakaanza kumwuliza yeye badala ya kumwuliza mwenye kukagua tiketi.

Tulipofika Malampaka ndipo wakaruhusu watu kupanda injini. Wenzake walipanda, wakapigwa picha, wakashuka. Baba hakutaka picha. Alipanda, akamwendea kijana mchochea moto, mwenye kazi kama yako, akamwomba amwonyeshe viganja vyake. Kijana akashangaa, akavifungua. Baba akavipapasa kama anavyopapasa bati, kidole kwa kidole.

"Haya malengelenge yanaumaga?" akauliza.

"Mwanzoni, mzee. Baadaye unazoea."

"Na kifua?"

"Kifua hakizoei."

Baba akasimama mbele ya mlango wa tanuri ukiwa wazi, mpaka dereva akamwambia arudi nyuma asije akaungua. Aliposhuka uso ulikuwa umelowa. Alisema ni joto, nami nikamwitikia kwamba ni joto.

Shinyanga tulifika saa saba mchana. Huko ndiko mwisho wa tiketi zetu. Wenye kamera wakaenda kula, sisi tukabaki tumesimama upande wa kusini wa stesheni, mahali reli inapoelekea kwenu. Baba alizitazama zile reli mbili kwa muda mrefu. Nilijua anahesabu vituo vilivyobaki, kwa sababu midomo ilikuwa inacheza.

Ndipo likaja gari la mizigo kutoka Tabora. Halikusimama, lilipunguza mwendo tu. Mchochea moto alikuwa ameinama nje, kitambaa kichwani, uso mweusi kwa masizi. Mrefu. Bega la kushoto limeshuka kidogo, kama lako.

Baba akavua kofia. Akapiga kelele ambayo sikujua bado anayo kifuani, "Hamduni! Hamduni wee!"

Yule mtu akageuka. Akatutazama. Akainua mkono, kaka, na hakuushusha. Aliuweka juu vile vile mpaka gari likapinda na behewa la mwisho likamficha.

Baba alirudisha kofia kichwani polepole. Akaniambia, "Amekonda."

Watu wa gari la moshi humpungia mkono kila aliye kando ya njia, hata watoto wanaochunga. Na mimi nilikuwa mtoto ulipoondoka, na masizi yale, na jua lile, sikuweza kuapa kwamba ni wewe, wala sikuweza kuapa kwamba si wewe.

Tuliporudi Mwanza, fedha ya meli ya kurudi Musoma haikututosha. Tulipata lori la pamba mpaka Bunda, tumekaa juu ya marobota. Katikati ya safari Baba akaniambia kitu bila kuulizwa. "Ile hawala nilikosea. Mtoto alituma jasho lake, nami nikaliona kama tusi." Tangu uondoke ni miaka tisa, na sijawahi kumsikia akisema kwamba amekosea, hata kwenye kipimo cha ndoo.

Bunda tulilala kwa Shangazi Mwanaupe. Kabla hajavua viatu Baba akamwambia, "Nimemwona mwanangu." Shangazi akapiga vigelegele mpaka majirani wakaingia, akachinja kuku, na kila aliyeingia akasimuliwa upya. Kila akisimulia mkono ule unakaa juu kwa muda mrefu zaidi. Tulipofika Musoma habari ilikuwa imetutangulia. Bernado alikuja kumpa mkono Baba. Watu wanapita karakana kumpongeza.

Mama alingoja mpaka wageni wote wameondoka. Akanivuta jikoni, akaniuliza swali moja tu. "Alikuwa na afya?"

Nikamwambia ndiyo, Mama, alikuwa na afya.

Nimeibeba ndiyo hiyo siku tisa sasa, kaka, na ni nzito. Mama ameanza kuimba tena anapopika. Na Baba ameiondoa ratiba ukutani. Nilipomwuliza kwa nini, alisema haihitaji tena, maana mmekwisha kuonana. Hilo ndilo linalonitisha. Ametulia kwa kitu ambacho huenda hakikutokea, na jicho lililobaki halitangoja. Mwaka ujao ukija, huenda atakujua kwa kukupapasa uso tu.

Barua hii naiandika bila wao kujua. Basi nisikilize. Kama mtu yule alikuwa wewe, tuandikie, hata mistari miwili, nimsomee Baba mbele ya watu wote waliompongeza. Lakini kama hakuwa wewe, usiandike neno. Njoo.

Shangazi Mwanaupe wa Bunda anakusalimu sana. Abdulkadiri anakusalimu, shemeji usiyemjua. Bernado naye, ambaye hujawahi kumwona, amezoea kukuulizia kama mtu wa kwao. Mama na Baba hawajui kwamba wanakusalimu, lakini zichukue salamu zao, ni zako.

Mwenyezi Mungu akulinde na moto unaoulisha, akilinde kifua chako, na akufungulie njia ya kurudi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukungoja,

Shani binti Pazi