Mashine ya Dirisha na Mashine ya Mfuniko

Jumatatu, 1 Machi 1982

Nimefua tena mashuka ya Baba kabla ya kwenda kazini. Mawili, na blanketi. Harufu imeingia kwenye kucha na haitoki. Asubuhi nimekula kiporo cha ndizi kwa uma, mimi ambaye uma huniona mshamba, kwa sababu sikutaka vidole hivi vikaribie mdomo.

Sabuni haijaonekana duka la kaya, hilo la mgao, tangu mwezi uliopita. Natumia majani ya mpapai. Yanatoa povu la kijani, na shuka likikauka linanuka mpapai juu ya ile harufu nyingine. Kinyaa juu ya kinyaa.

Mama Eli, mke wangu, alitaka kunipokea beseni. Baba akageukia ukutani. Kwetu mke wa mwana hashiki matandiko ya baba mkwe, na Baba hatavunja hilo akiwa kitandani, hata kama mke wa mwana mwenyewe hajali. Dada zangu wameolewa mbali. Nimebaki mimi. Karani wa ghala la kahawa, kitambi na miwani, nimechuchumaa nyuma ya nyumba kama chura aliyevaa tai.

Alhamisi, 4 Machi

Baba amekonda. Tangu apooze upande wa kushoto na tumtoe kihambani, shamba letu la ukoo huko Mwika, kuja kwetu hapa Moshi, nilidhani ni ugonjwa. Si ugonjwa. Leo amekula vijiko vichache vya mtori wa ndizi akafunga mdomo. Maji hataki kabisa. Mama Eli alimbembeleza, akajibiwa, "Mama, kinachoingia ndicho kinachotoka. Na anayekishika ni mwanangu."

Anajinyima ili nisifue.

Daktari amesema wazi: asipokunywa maji, figo zitamwondoa kabla ya kile kiharusi.

Nimejichukia. Ananiona ninavyobana pua. Pua yenyewe kubwa, haifichiki.

Jumamosi, 6 Machi

Nimepata wazo. Mashine ya kufulia. Wazungu wawili wanarudi kwao na kila mmoja anauza yake. Mmoja ni fundi mitambo wa kiwanda cha sukari, mwingine ni mwalimu wa kike wa misheni. Makundi, jirani yetu, amenipeleka kote kuwili kwa pikapu yake, akinicheka njia nzima.

Ya fundi ina mlango wa kioo mbele. Unaziona nguo zikizunguka. Inakunywa maji kidogo na sabuni kidogo, na inatakasa sana, kwa maneno yake. Ya mwalimu inafunguliwa juu, mfuniko kama wa sufuria. Inataka maji mengi, inataka sabuni nyingi, na ina kutu miguuni. Mwalimu mwenyewe alikiri inasokota nguo kama kamba ya mbuzi.

Sabuni hakuna, maji ya bomba yanakuja yakipenda. Hesabu iko wazi. Nimechukua ya dirisha. Fundi amekubali niijaribu kwanza. Mwalimu amesema atasubiri jibu langu, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kataliwa.

Mama Eli ameizunguka mara moja tu. "Baba Eli, umeleta mashine au umeleta kioo cha kujitazamia?"

Nimejiondoa mbele ya kioo. Nilikuwa kweli najitazama.

Jumapili, 7 Machi

Haikuingia mlango wa stoo. Tumeiweka barazani, karibu na bomba na waya wa umeme. Baada ya ibada nikaifungulia. Mashati yangu na gauni la kwaya la Mama Eli.

Sisi wa bara hatuna televisheni kama Zanzibar. Basi mtaa mzima ukaja na vigoda. Walikaa mbele ya kile kioo kimya, kama kanisani, na kimya cha leo kilizidi cha kanisani. Makundi alikuwa kiti cha mbele. "Shati la Baba Eli hilo linapita. Hata humo ndani limekosa nafasi." Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Nilijiona tajiri, Mungu anisamehe.

Baba akauliza kutoka chumbani kelele ni ya nini. Nikamwambia: kuanzia leo sifui mimi, kinafua chuma. Kula. Akala bakuli zima na maji juu yake.

Nimelala mchana kama mtoto.

Jumanne, 9 Machi

Hakuna aliyeniambia kuhusu ule mpira unaozunguka mlango. Una mikunjo. Kila kichafu kinachotoka kwenye shuka kinakimbilia humo na kujificha. Nimeingiza kidole. Ute mweusi, nywele, na vitu vya Baba. Nimekwangua kwa kijiti na kitambaa huku nimekunja uso upande. Panya aliyekufa angenipa nafuu.

Ile sabuni ya unga aliyonipa fundi imeisha. Nikakwangua kipande cha sabuni ya mche ambacho Mama Eli alikipangia foleni, nikakimimina chote. Sikujua mashine hii haitaki povu. Povu likatoka kila tundu, likashuka ngazi za baraza likielekea kwa Makundi. Foleni nzima ya mke wangu ikaingia mtaroni. Hajanisemesha tangu mchana. Ana haki.

Lakini Baba amekula. Hilo tu ndilo linalonipa nguvu.

Jumatano, 10 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Usiku ulikuwa mbaya kwake. Asubuhi nikatia shuka lote kama lilivyo, nikafunga, nikawahi kazini. Mama Eli akamtoa Baba kuota jua barazani kama kawaida, akamweka kwenye kiti chake, naye akawahi shuleni kufundisha.

Maji yakakatika mashine ikiwa katikati. Ikasimama imejaa. Ikiwa na maji ndani mlango haufunguki. Shuka likabaki limegandamana na kioo, na uchafu wake wote mbele, manjano na kahawia, kama picha iliyotiwa fremu.

Kiti cha Baba kilikuwa kinatazama pale. Hawezi kujigeuza.

Niliporudi kula mchana watoto walikuwa wamekaa kwenye ngazi. Mmoja alikuwa anamweleza mwenzake, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba ile ni ya babu. Makundi akaingia getini na kigoda mkononi, akaanza, "Baba Eli, leo filamu imekati..." Akaona filamu yenyewe. Akawachukua watoto, akaondoka. Ukimya wake umeniuma kuliko maneno yake ya miaka yote.

Nilitundika khanga juu ya kioo. Baba alisema neno moja tu.

"Mwika."

Maji yamerudi jioni. Nimefungua. Nimetapika kwenye maua ya mke wangu.

Alhamisi, 11 Machi

Baba hali. Hanywi. Midomo imepasuka. Nimejaribu kijiko, nimejaribu kuomba, nimejaribu hata kukasirika. Anafumba macho.

Mama Eli ndiye aliyenisemesha kwanza. "Huyo si wa kubembelezwa. Ni wa kuombwa radhi. Nenda kachukue sale."

Nimeomba ruhusa kazini, nimepanda basi hadi Mwika. Mvua, tope hadi magotini, nimeanguka mara nyingi kuliko inavyofaa umri wangu. Sale limeota pale walipozikwa babu zangu, kwenye mpaka wa kihamba. Nimekata jani moja. Kwetu anayeletewa sale hana ruhusa ya kukataa kusamehe, hata kama ni adui, hata kama ni damu. Nilikuwa sijawahi kumpelekea mtu. Siku zote nilijiona mtu mwema.

Nimempa Baba kwa mikono miwili, nimepiga magoti na tope langu. Amelishika kwa ule mkono mzima. Ametazama dari.

"Kile kitu bado kipo?"

"Kipo, Baba."

"Kiondoe. Kina jicho."

Kisha akafungua mdomo. Maji kidogo. Nusu yalimwagika kifuani. Nimeyafuta.

Jumapili, 14 Machi

Nimerudisha mashine ya dirisha. Fundi ameshangaa. Amenieleza upya maji, sabuni, weupe wa nguo. Nimemkubalia kila kitu. Ni kweli tupu. Nimeiacha uani kwake.

Mwalimu wa misheni alikuwa bado hajampa mtu ile ya mfuniko. Makundi amenisaidia kuibeba. Imeingia stoo, nyuma, pasipo na baraza.

"Hii haina sinema," akasema.

"Haina."

"Afadhali." Akajifuta jasho, akaenda zake bila kungoja chai.

Ni dubwana baya. Inaruka ikikamua, inatembea kwa miguu yake yenye kutu hadi mlangoni. Imechana foronya. Sabuni inaila kama mbuzi aliyeingia shambani, kwa hiyo nimerudi kwenye mpapai. Bomba likikauka najaza kwa ndoo kutoka kwenye pipa, na mgongo wangu haukuumbwa kwa ndoo. Harufu mfuniko unapofunguka ni ileile, inanipiga usoni vilevile. Lakini naweza kuufungua wakati wowote. Na nikiufunga, umefunga.

Jumamosi, 20 Machi

Mvua tangu asubuhi. Mashuka yananing'inia chini ya upenu, hayakauki.

Mama Eli anasahihisha madaftari. Mimi na Baba tumekaa chumbani kwake. Nimemshikia kikombe cha chai ya maziwa, amekunywa hadi chini. Nikadhani amemaliza. Akakisukuma kikombe kwangu kwa kidole.

Nimemwongeza. Nimejaza.