Mstari Ulio Wazi

14 Novemba

Mwanangu Bibi Maswali,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti linanuna nikipanda ngazi. Wewe na mjukuu wangu mko salama?

Umeuliza tena kwa nini sistaafu. Nikueleze taratibu. Mwaka wa hospitali ya magonjwa ya kuambukiza una misimu kama shamba: mvua hutuletea kipindupindu, kiangazi surua, na kifua kikuu hakina likizo. Kila mgonjwa ana mstari mmoja katika rejista yangu, na mwisho wa mstari neno moja: amepona, amehamishwa, au amefariki. “Ametoroka” si neno la hapo. Mtoro bado ni mgonjwa wetu. Umebaki wazi mstari mmoja tu, wa fundi viatu mwenye homa ya kutokwa damu. Alipitia dirisha la choo. Akipatikana nafunga mwaka, naja kwenu moja kwa moja. Ni ahadi.

Baba yako

22 Novemba

Shikamoo Baba,

Sisi wazima. Mjukuu wako amekutandikia kitanda cha dirishani. Baba, watoro hutafutwa na wenye mavazi ya kujikinga. Wewe ni karani! Ukaidi wako naujua, ndio niliourithi.

Mwanao

9 Desemba

Mwanangu,

Usishtuke, mwandiko si wangu. Karatasi ya wodi ya kutengwa haitoki, huchomwa. Kwa hiyo naandika, naibandika kwenye kioo, na Sista upande wa pili ananakili neno kwa neno, hata ninapomsema kuwa mwandiko wake ni wa kuku.

Fundi viatu nilimkuta kwake, kalala chini ya benchi la kazi. “Karani,” akasema, “hata huku umenifuata na daftari lako?” Nikacheka, nikamwinua. Nilibeba rejista, nilibeba kalamu, glavu sikubeba. Miaka thelathini na moja nimewaandika waliokosea hivyo hivyo.

Alifariki siku ya tatu. Sasa mstari ulio wazi ni wangu. Usije kwanza.

Baba yako

12 Desemba

Shikamoo Baba,

Nakuja. Basi ni kesho alfajiri. Usiandike kitu kwenye huo mstari.

Mwanao

15 Desemba

Mwanangu,

Nasikia umefika na mlinzi amekuzuia getini. Usimkasirikie, sheria hiyo nilimfundisha mimi. Nikueleze: zikipita siku ishirini na moja, mtu akiwa hana homa, basi mlango huu

19 Desemba

Shikamoo Baba. Leo sisubiri marahaba.

Sista alinakili mpaka pale kalamu yako iliposimama. Hakuongeza hata nukta. Alinisomea kupitia wavu wa geti, akaishia kwenye “mlango huu.”

Karani mpya alitaka kuujaza mstari wako. Nikamwomba kalamu. Nafasi yenyewe nyembamba, Baba, lakini lile neno la tatu limeenea.

Mjukuu wako hajakubali kile kitanda kitanduliwe.

Mwaka umefungwa.

Mwanao