Uso wa Dada Kabula Ukutani

Jumatatu, 7 Agosti 1995

Naomba radhi kwa kimya hiki, ingawa sijui ninamwomba nani. Tangu tumzike mke wangu sikuona la kuandika.

Nimeamka. Nimenyoa ndevu. Nimekwenda ukumbi wa parokia, kama wiki iliyopita. Tunajifunza kusanifu mabango ya haki: wajane wanaonyang'anywa mashamba, vikongwe wanaouawa kwa kuitwa wachawi. Wenzangu ni vijana. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Padre alisema nahitaji shughuli.

Sihisi chochote. Chakula kinapita kooni tu.

Jumatano, 9 Agosti

Bango langu la kwanza lilikuwa na aya tatu, zote sahihi. Neema, mkufunzi wetu kutoka Mwanza, alilisoma mpaka mwisho.

"Shikamoo, Mwalimu. Hili ni bango au hotuba ya mkuu wa wilaya?"

Darasa likacheka. Sikukasirika. Hasira nayo imekwisha.

Anasema bango ni la mtu anayepita na baiskeli: picha moja kubwa, maneno machache. Tuna wino wa rangi mbili tu, mweusi na mwekundu. Tunausukuma kupita kwenye kitambaa kilichovutwa juu ya fremu ya mbao.

Jumamosi, 12 Agosti

Nimekwenda kijiji cha Zagayu, kwa dada yangu Kabula. Mjane, hana mtoto, anaishi peke yake. Kuni hakuna huko. Anapikia samadi kavu na mabua ya pamba. Moshi umeyafanya macho yake kuwa mekundu miaka mingi. Nilimwomba nimchore.

"Chora, Masanja. Lakini ukiniuza, usikubali chini ya ng'ombe kumi."

Alikaa bila kutikisika mpaka nikamaliza. Mchoro umefanana naye.

Jumatano, 16 Agosti

Tumechapa. Uso mweusi, macho mekundu. Chini: MACHO MEKUNDU NI MOSHI, SI UCHAWI. Vijana walipiga makofi. Neema alisema ndilo bango bora la darasa. Nilinawa mikono, nikarudi nyumbani.

Ijumaa, 18 Agosti

Nimebandika mabango Zagayu, kwenye kituo cha kuuzia pamba. Msimu huu wanunuzi binafsi wanagombania wakulima, kwa hiyo watu ni wengi. Walisimama, wakatazama sana. Niliridhika kidogo. Sikupita kwa dada. Gari lilikuwa linaondoka.

Jumanne, 22 Agosti

Luhende, jirani wa dada, amekuja kwa baiskeli. Alikataa kuketi.

"Mwalimu, kule wanaosoma ni wachache. Uso ukiwekwa ukutani, ni wa mgombea au wa jambazi anayetafutwa. Kabula hagombei. Watu wanasema hata serikali sasa imemtambua."

Leo asubuhi bango moja limekutwa limepigiliwa misumari mlangoni pake.

Nimefundisha kusoma maisha yangu yote. Sikuwafikiria wasiosoma.

Jumatano, 23 Agosti

Zagayu. Nimeyabandua yote. Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano, nikaeleza kwa utaratibu: moshi, samadi, macho. Waliitikia, "Ndiyo, Mwalimu." Hakuna aliyenitazama usoni. Kisimani wanawake walihamisha ndoo zao dada alipofika. Mkutanoni sungusungu, walinzi wa kijiji, walikaa nyuma, wakanong'ona.

Nimemwambia dada ahamie kwangu Bariadi.

"Nikihama, watasema kumbe kweli. Watachoma nyumba, na shamba watagawana. Nikibaki..."

Akachochea moto.

Nilitaka kuomba msamaha. Nilisema moshi ni mwingi.

Alhamisi, 24 Agosti

Usiku nililala mlangoni. Niliogopa. Ni kitu cha kwanza nilichohisi tangu mazishi. Nakiandika kama kilivyo.

Dada amepika michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga. Tumekula. Nimemaliza sahani, akaniongezea bila kuuliza. Luhende amepita kutusalimu, akasimama mbali kidogo na ua.

Nimetandaza kitenge kitandani ili afungie nguo zake. Amekikunja, akakiweka pembeni. Amesema nisimharakishe: matofali ya nyumba hii aliyafyatua yeye mwenyewe. Sasa anafagia ua, polepole, mpaka njiani.

Sitaondoka bila yeye. Ama tutapanda gari pamoja, ama nitahamishia kitanda changu huku. Nimemwachia yeye neno la mwisho. Akilisema, nitaliandika hapa.